Basi Lililotoka Kabla ya Kujaa

Watu wengi wa kwetu hufika Nairobi kwa usiku mmoja. Wanapanda basi Bungoma jioni, wanasinzia, wanaamka mjini shingo zikiwauma. Mimi safari hiyo hiyo ilinichukua miaka. Nilipomaliza kidato cha nne nilidandia lori la mahindi lililokuwa linakwenda Eldoret, na dereva aliposimama kunywa chai nilizunguka mtaa mmoja kunyoosha miguu, nikapapenda, nikabaki. Nilipakia mbao pale mpaka nikachoka kuziona. Nakuru niliosha vyombo kwenye hoteli ya mama mmoja aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisa tangu kufungua hadi kufunga. Naivasha nilipanga maua kwenye makasha. Limuru nilichuma majani chai, baridi ikanifukuza. Na kutoka Limuru niliingia Nairobi nimekaa juu ya kabichi, kwenye pikapu iliyoshusha mzigo wake Gikomba, nami nikashushwa pamoja nao.

Nawaeleza haya nyinyi vijana mnaoingia kazi ya kupanga njia za mabasi kwa sababu mmoja wenu aliniuliza kwa simu nilisomea wapi. Nilisomea hapo. Kila mji niliofika niliutembea kabla ya kutafuta pa kulala. Sikuwa na sababu, nilikuwa tu siwezi kutulia. Nilitaka kujua barabara hii inatokea wapi, na kwa nini watu wa upande huu wanapita kwenye ua wa watu wa upande ule. Mama yangu alikuwa akisema nina siafu kwenye nyayo.

Najua mtu wa miaka arobaini na kitu anayejiita mstaafu anachekesha. Ingieni kazini kwanza, kisha tuzungumze magoti yenu yakianza kulia kwenye ngazi.

Gikomba nilisukuma mkokoteni wa marobota ya mitumba, nikawa nalala Mbotela kwa binamu yangu, katika zile nyumba za baraza la jiji ambazo ukikohoa jirani anakupa pole. Jioni nilitembea. Nilikuwa naanza Mbotela, napita Soko la Burma ambako moshi wa nyama unakufuata mpaka kwenye mfuko wa shati, naenda, narudi kwa njia nyingine. Ndivyo Mzee Kilonzo alivyonigundua. Alikuwa dereva wa zamani, Mkamba mrefu, mkimya, ambaye macho yalianza kumsumbua, na chama cha mabasi kikamwondoa kwenye usukani kikamfanya mkaguzi wa njia. Alinisimamisha barabarani.

"Wewe kijana, unamtafuta nani? Nimekuona Burma, nimekuona Makongeni, sasa uko hapa."

"Natembea tu, mzee."

"Unalipwa kutembea?"

"Hapana."

"Basi njoo ulipwe."

Somo lake la kwanza alinipa siku iliyofuata, kwenye steji moja ya mabasi, Jogoo Road. Aliniuliza abiria wanatoka wapi. Nikamjibu wanatoka majumbani. Akasema, "Nijibu ukiangalia chini." Nikaangalia chini. Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mweusi wetu unaonata kama sima ulikuwa umeshika viatu vya wengine mpaka kwenye kifundo, na wengine viatu viling'aa kama wametoka dukani. Halafu nikaona wanawake watatu wameegemea ukuta, wanavua malapa, wanayatia kwenye mfuko wa plastiki, wanavaa viatu vya ofisini.

"Steji ambapo wanawake wanabadilisha viatu," Kilonzo akasema, "iko mbali na nyumba zao. Hapo ndipo pa kuanzia kazi."

Mpaka leo siamini ramani yoyote kabla sijaona viatu. Nimekwenda mitaa mingi baada ya hapo, na mara zote mahali ambapo malapa yalikuwa yanaingia mfukoni, basi lilikuwa linapita mbali kuliko tulivyodhani.

Lakini hata sisi tulikosea, na tulikosea vibaya, tukiwa na macho yetu manne yote.

Mabasi yetu yalikuwa yanatoka Kayole, yanashika Jogoo Road, yanapita Mbotela na Burma mpaka mjini. Asubuhi, kama mnavyojua, mji unavuta watu wote upande mmoja. Basi la kwenda mjini limejaa, la kurudi Kayole ni viti na upepo. Tulipoanza kukagua njia hiyo tukaona ajabu. Alfajiri, mabasi ya kurudi Kayole yalikuwa yanajaa. Watu walikuwa wanapanda Mbotela, tena wengi, wanakwenda kule ambako hakuna ofisi wala kiwanda. Kilonzo akafikiri, nami nikafikiri, tukakubaliana kwamba Kayole kumefunguliwa kazi fulani ambayo hatujaisikia. Tukamshauri mwenyekiti wa chama, Bwana Karanja, aongeze mabasi ya kwenda upande huo asubuhi. Akaongeza. Nayo yakajaa. Tulipeana mikono, Kilonzo akaninunulia supu ya mifupa.

Kisha watu wa Kayole wakaanza kupiga simu ofisini kwa hasira. Tukaenda kuona.

Tulisimama pale mwisho wa njia, kabla ya jua. Mstari wa watu wa Kayole ulikuwa mrefu. Basi likaja, likageuka, likasimama, mlango ukafunguliwa. Hakuna aliyeshuka. Konda, kijana aliyeitwa Kevo, alichungulia ndani akapiga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Mwisho, wazazi. Tumefika. Shukeni wengine waingie."

"Sisi hatushuki," sauti ikatoka ndani.

"Mnaenda wapi sasa, na gari imefika?"

"Tao, mjini."

"Si mmetoka huko?"

"Tumetoka Mbotela. Wewe funga mlango, baridi inaingia."

Mwanamume mmoja kwenye mstari akavua kofia kwa uchungu. "Kwa hivyo hawa wamepanda gari nyuma yetu, wakatupita, wakakaa mbele yetu? Hii Nairobi mtu atalala kwenye kiti ili asinyang'anywe."

Nikaingia ndani. Kwenye kiti cha nyuma ya dereva alikuwa amekaa mama wa makamo, mkoba mapajani, aproni nyeupe iliyopigwa pasi ikichungulia kwenye zipu. Nikamsalimia, nikamuuliza anakwenda wapi.

"Ngara, mwanangu. Napika kwenye shule huko."

"Na unaishi?"

"Mbotela."

"Sasa huku umefuata nini, mama?"

Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgeni. "Nimefuata kiti."

Hapo ndipo nilipomjua Mama Mutheu, na hapo ndipo nilipojua ile supu ya mifupa sikuistahili. Mabasi ya kwenda mjini yalikuwa yanajazwa Kayole mpaka mlangoni, kwa sababu gari haliondoki steji kabla ya kujaa. Yakifika Mbotela yalikuwa hayana nafasi ila ya kuning'inia mlangoni. Vijana walining'inia. Mama Mutheu alikuwa na nyonga mbovu, tangu alipoanguka na sufuria ya maharagwe. Kwa hivyo alikuwa anavuka barabara, anapanda basi la kwenda Kayole, analipa nauli ya kwenda nyuma ili apate kiti cha kwenda mbele. Na hakuwa peke yake. Ile "kazi mpya ya Kayole" ilikuwa ni Mbotela nzima inatafuta pa kukaa.

Mngetumia simu zenu zingewadanganya vilevile. Leo nyinyi mnaona nukta za abiria zikitembea kwenye kioo, mnaona wamepandia wapi na kushukia wapi, na ni jambo zuri, natamani Kilonzo angeliona. Ila nukta inayotoka Mbotela kwenda Kayole haisemi kwamba haitaki kwenda Kayole. Lazima mtu aingie amuulize mama mwenye aproni.

Tuliporudi ofisini Mwenyekiti Karanja alitusikiliza nusu, kisha akafanya analofanya mtu aliyepigiwa simu nyingi. Akatoa amri kwamba Kayole kila abiria ashuke, apange mstari upya. Watu wa Kayole wakapiga makofi, na haki walikuwa nayo. Lakini amri hiyo ilimfungia Mama Mutheu njia ya mbele na ya nyuma. Asubuhi ya kwanza alishushwa, akapanga mstari, akafika shuleni watoto wakiwa wameshapiga gwaride bila uji. Ya pili hivyo hivyo. Nilimkuta jioni kwenye kibanda chake cha mboga, kwa sababu baada ya kupika shuleni alikuwa anauza sukuma nje ya mlango wake.

"Mwalimu mkuu ameniita," akasema, huku anakatakata majani membamba kama nyuzi bila kuangalia kisu. "Ni mtu mzuri, hakunigombeza. Ameniambia watoto hawawezi kusoma na njaa. Ataniangalia mpaka shule zifungwe. Nikiendelea hivi, muhula ujao anachukua mwingine."

"Huwezi kupata kazi karibu?"

"Na nyonga hii, Wanyonyi? Kazi hiyo ndiyo imemsomesha Mutheu mpaka leo. Nikianza kuomba kazi upya wataangalia ninavyotembea kwanza." Akanifungia mboga. "Nyinyi ndio mlioweka mabasi. Yawekeni vizuri."

Sikulala vizuri, na ninapokuwa hivyo natembea. Kulipopambazuka nilikuwa nimeamua jambo moja tu: kuwe na basi linaloanzia Mbotela. Liingie ndani ya mtaa likiwa tupu, lipite Burma, likate upande wa Gikomba, liishie Ngara. Na liondoke kwa saa, si kwa kujaa. Kwa sababu likingoja kujaa, Mama Mutheu atakaa ndani yake asubuhi nzima akiwa na kiti na bila kazi.

Karanja alicheka mpaka akashika meza. "Basi liondoke bila watu? Wanyonyi, nyinyi wa Bungoma mnachota maji kwa chekecheke?"

"Watakuja, mwenyekiti."

"Watakuja lini?"

"Wakiamini."

Kilonzo, ambaye hakuwahi kunibishia mbele ya watu wala kunisifu mbele ya watu, alikohoa. "Mpe basi moja bovu kidogo," akasema. "Tuone."

Tukapewa mpaka shule zifungwe. Siku hiyo hiyo aliyowekewa Mama Mutheu, nasi tuliwekewa. Sikumwambia. Dereva tuliyepewa ni Otieno, mtu wa Makongeni, baba yake alikuwa wa reli. Konda akawa yule yule Kevo, ambaye alichukulia kuhamishwa kwake kama adhabu.

Njia ya ndani ya mtaa niliipima mwenyewe kwa miguu, siku za kazi, asubuhi, nikaona inapitika vizuri. Jumamosi ya kwanza basi likaingia likakutana na hema la matanga limefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, viti vimepangwa, na kwaya ya kina mama inaimba. Otieno akazima injini, akavua kofia, tukakaa ndani ya gari kama waombolezaji. Mzee mmoja akaja na kikapu cha mchango mpaka dirishani, tukachanga. Kisha tukarudi nyuma kinyumenyume hadi Jogoo Road. Kwa hivyo andikeni hili mahali: kabla ya kupitisha basi katika mitaa ya Eastlands, uliza hema hufungwa wapi mtu akifa. Kila mtaa una mahali pake, wenyeji wote wanapajua, na hakuna atakayekuambia usipouliza. Nasi tukahamia kichochoro cha pili, kando ya ukuta wa kanisa. Na Gikomba vilevile, siku marobota mapya yanapofunguliwa barabara ni ya mikokoteni. Mimi niliyewahi kuisukuma nilijua asubuhi zipi tupite nyuma.

Saa ya kuondoka tuliifunga na redio. Mbotela alfajiri kila dirisha lina redio, na zote zinangoja habari za saa kumi na mbili. Nikamwambia Otieno, ile ngoma ya kuanzia habari ikilia, gia iingie. Hakuna kuangalia saa ya mtu, hakuna kubishana. Mtaa mzima ungeisikia pamoja nasi.

Asubuhi ya kwanza ngoma ililia tukiwa na abiria mmoja, Mama Mutheu, nyuma ya dereva, mkoba mapajani.

"Tunaenda?" Kevo akauliza.

"Tunaenda."

"Buda, tunaenda na nani? Na viti?"

Otieno akaingiza gia. "Nimebeba mahindi, nimebeba ng'ombe, nimebeba kwaya," akasema. "Viti peke yake ni leo."

Siku zilizofuata hazikuwa bora. Watu walikuwa wanasimama Jogoo Road wakituangalia tukipita tupu, wanatupungia mikono kama wanaaga maiti. Watoto waliliita basi la mapepo. Na jambo lililoniumiza ni kwamba nilielewa. Mkazi wa Nairobi akiona basi tupu steji hapandi, maana basi tupu ni kukaa na kungoja wengine. Anapanda lililokaribia kujaa. Kila mtu anangoja mwenzake aingie kwanza. Ndiyo maana steji nyingi zina vijana wanaolipwa kukalia viti. Gari linaonekana limejaa, abiria wa kweli anaingia, mmoja wao anashuka kimya kimya, anaingia mwingine, anashuka mwingine. Mnawajua, na wengine wenu mmewahi kuwa wao.

Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa. Mama Mutheu alikuwa anafika kwa wakati kila siku, lakini sote tulijua kwamba basi hilo likiondolewa, muhula ujao utamkuta palepale penye mlango wa kuning'inia. Hata yeye alishajua, kwa sababu Kevo hawezi kuhifadhi kitu mdomoni.

"Kwa hivyo mimi na hili gari tunafungwa siku moja," akaniambia.

"Halifungwi, mama."

"Sikuulizi, Wanyonyi. Nakuambia."

Ndipo asubuhi moja nikafika steji nikakuta basi limejaa nusu. Nikaukimbilia mlango. Nikapanda, nikaangalia chini kama nilivyofundishwa. Malapa. Kiti hadi kiti, malapa, na mmoja ana taulo shingoni. Walikuwa waosha magari wa pale karibu. Kevo alikuwa anachekelea. Alikuwa ametumwa na ofisi awakodi wakalie viti. Mwenyekiti alikuwa amechoka kungoja, akasema tufanye kama wengine.

Mama Mutheu alipanda nyuma yangu. Alipita katikati polepole, akishika viti, akisoma nyuso.

"Brayo. Unaenda wapi leo?"

"Tao, mathe," akajibu yule mwenye taulo, akiangalia dirishani.

"Na taulo?"

"Nitaoga huko."

"Na chai niliyoiona inachemka kwenye jiko lako, umemwachia nani?"

Basi zima likacheka, wote wakiwa waongo pamoja. Lakini mimi sikucheka. Niliona kwamba tukianza hivyo, ngoma ya habari italia nasi tutakuwa tunangoja vijana hawa washuke mmoja mmoja wabadilishane na abiria, na saa yetu itakuwa imekufa. Na ilikuwa inakaribia. Nikamwendea Otieno.

"Ikilia, ondoka."

"Na hawa?"

"Wamekaa kwenye basi. Ni abiria."

Otieno alinitazama, akatazama kioo cha juu, akaona safu ya abiria wake wa malapa, na tabasamu likapita usoni mwake polepole. Ngoma ikalia kwenye redio yake na kwenye madirisha yote ya Mbotela. Gia ikaingia.

Kelele zilianza tulipofika kwenye ukuta wa kanisa. "Shukisha, dere, shukisha. Sisi si abiria, sisi ni wa kukaa." Brayo akapiga paa. "Chai yangu itaungua, Otieno, wallahi chai yangu." Otieno akasema kwa upole wa mtu wa ibada kwamba ameagizwa asimame kwenye steji tu, na steji ya kwanza ni Burma. Kevo alikuwa amejishika tumbo mlangoni, hajui acheke au apoteze kazi. Mama Mutheu akawatuliza: "Kaeni, wanangu. Si mlitaka kukaa?"

Tuliwashusha Burma. Nyama ilikuwa inapokewa saa hiyo, wauzaji na wapishi wote wako nje na makoti meupe, na kundi la vijana wa malapa likateremka likilalamika. Tumetekwa, wakasema. Kuna basi Mbotela, habari ikianza linaondoka, iwe umekaa vizuri au hujakaa, wana wazimu hao, hawangoji mtu. Walirudi kwa miguu Jogoo Road yote wakilalamikia kila steji. Brayo alikuta sufuria imeungua, akaibeba mtaa mzima kama ushahidi.

Sisi tulikuwa tumetumia majuma kuwaambia watu kwamba basi letu haliwangoji wengine. Hakuna aliyesikia. Vijana hawa walilisema kwa asubuhi moja tu, kwa hasira, na mtu mwenye hasira huaminiwa.

Siku iliyofuata walipanda wachache. Iliyofuata, wengi zaidi, na walikuwa wanatembea haraka kwenye vichochoro huku wakisikiliza madirisha. Juma la mwisho la shule Karanja alikuja mwenyewe, kwa gari lake, akaliegesha kando ya ukuta. Nafikiri alikuja kulichukua basi. Alikuta mstari. Akaupita akaelekea mlangoni, kama mwenye mali, na mkono wa Mama Mutheu ukamgusa begani.

"Nyuma, baba. Mstari unaanzia kule."

"Mama, mimi ndiye mwenyekiti."

"Vizuri sana. Mwenyekiti atapata kiti akifika zamu yake."

Karanja akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Akaenda nyuma. Nafasi ziliisha kabla hajafika mlangoni, ngoma ikalia, na Otieno akamwacha amesimama na wengine walioachwa. Nilibaki naye makusudi. Aliliangalia basi mpaka likapinda.

"Na hawa waliobaki?" akaniuliza.

"Ndio nilitaka uwaone."

Muhula uliofuata kulikuwa na mabasi mawili Mbotela, moja habari zikianza na moja zikiisha. Mama Mutheu hakuitwa tena na mwalimu mkuu, ila siku moja kuombwa amfundishe mpishi mwenzake. Na mabasi ya kurudi Kayole asubuhi yakawa viti na upepo, kama inavyotakiwa. Kilonzo aliyaangalia yakipita tupu akaninunulia supu nyingine. "Hii sasa inyweni kwa haki," akasema, ingawa nilikuwa peke yangu. Alirudi kwao Machakos mwaka huo. Miwani aliyopewa hakuivaa hata siku moja.

Baada ya hapo nilifanya njia nyingine nyingi, na katika kila moja kuna mtu aliyeniambia haiwezekani na mama aliyekuwa ameshabuni namna ya kuizunguka. Mtafuteni huyo mama. Njia anayozungukia ndiyo ramani yenu. Mkimkuta anafanya jambo la kipumbavu, kama kulipa nauli ya kwenda nyuma, msimcheke na msimkataze. Ketini karibu naye mumuulize. Na mkishaahidi saa, itimizeni hata basi likiwa na mtu mmoja. Otieno alikuwa akisema aliyechelewa atakasirika leo, lakini kesho atakuwa wa kwanza.

Mimi nilikaa Eastlands kuliko nilivyowahi kukaa popote. Kisha magoti yakanikatalia, na zile siafu za mama zikaamka. Dada yangu yuko Kitale, ana duka la vipuri vya baiskeli na anahitaji mtu. Niliaga ofisini, nikaaga Burma. Asubuhi ya kuondoka nilifunga begi moja, nikapanga kuondoka na basi la kwanza la Mbotela, nikae nyuma ya dereva kama mtu mkubwa.

Lakini mtaa hauachi mtu aondoke hivihivi. Brayo, ambaye siku hizi ana banda lake mwenyewe la kuosha magari na bado anadai sufuria, alinishika mkono akanilazimisha chai. Binamu yangu akataka kuomba, na maombi ya kwetu hayana kituo. Nilikuwa nimefumba macho wakati ngoma ya habari ilipolia kwenye dirisha la juu, kisha la jirani, kisha mtaa mzima.

Nikasema amina katikati ya sentensi ya mtu, nikakamata begi, nikakimbia. Magoti yakilia, nikakata kichochoro cha ukuta wa kanisa. Basi lilikuwa limeshaanza kusogea. Nikapunga mkono. Kevo aliniona, nywele zimeanza kuwa na mvi siku hizi, akaweka kiganja kifuani kwa masikitiko ya uongo. Otieno aliniona kwenye kioo. Najua aliniona, kwa sababu alipiga honi mara moja, kwa heshima, na hakupunguza mwendo.

Mama Mutheu alifungua dirisha. Akatoa kichwa, akatoa na mikono yote miwili, viganja juu.

"Sasa tufanyeje, Wanyonyi," akaita. "Watoto wanangoja uji."

Basi likapinda kuingia Jogoo Road. Nikasimama pale na begi langu nikihema na kucheka, mpaka habari zikaisha. Basi la pili nikaliacha liende, nikaanza kutembea kuelekea mjini, polepole, kando ya barabara, nikiangalia viatu vya watu.